Majoho ya Kwaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninashona majoho ya kwaya hapa Dar es Salaam, na Jumapili nasimama mstari wa pili naimba sauti ya pili. Kwa hiyo joho nalijua kwa pande zote mbili: mezani likiwa kitambaa na chaki, na kanisani likiwa mwilini, jasho likishuka mgongoni kwenye wimbo wa tatu. Maswali haya naulizwa na wenyeviti, walimu wa kwaya na wahazini karibu kila wiki. Pale ambapo kosa hula fedha ya kwaya nzima, nimejibu kwa kirefu.

Tumekubaliana kushona majoho mapya. Tuanzie wapi?

Wengi huanza na picha. Mwenyekiti anafungua simu, ananionyesha kwaya ya Marekani imevaa majoho mapana yenye mikono kama kengele, ananiambia, "Fundi, tunataka kama haya." Picha naipokea, inanisaidia kujua mnapenda nini. Lakini picha haisemi kama kanisa lenu lina feni, haisemi kama mnaimba mmesimama tuli au mnacheza, wala haisemi kama mwakani, mkipokea wanakwaya saba wapya, kitambaa kile kitakuwa bado kipo sokoni.

Anzeni na mwili unaoimba. Kaeni watu wanne au watano, mwalimu na mhazini wawemo, wanawake na wanaume wawe na msemaji wao. Semezaneni mnaimbia wapi, kwa muda gani, na mikono yenu inafanya nini wakati wa kuimba. Hayo yakishajulikana, rangi na nakshi zitapata mahali pake zenyewe. Kwaya zinazoanza na rangi ndizo zinazorudi kwangu baada ya mwaka kuomba mikono ipunguzwe.

Hivi kwaya lazima ivae joho?

Hapana. Kwaya nyingi tu zinavaa vitenge, magauni kwa akina mama na mashati kwa wanaume, na zinapendeza sana.

Neno joho lilitufikia kutoka Kiarabu, likiwa jina la kitambaa kizito cha sufu. Hapa pwani likawa jina la vazi refu lililo wazi mbele, lenye nakshi ya uzi wa dhahabu, walilovaa waungwana juu ya kanzu siku za sherehe. Joho la kwaya limepitia njia nyingine: mizizi yake ni mavazi ya makasisi na wanazuoni wa Ulaya, watu waliosali na kusoma ndani ya majengo ya mawe yenye baridi, nalo likaja na wamisionari. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililobuniwa kwa ajili ya mtu anayeimba na kucheza Februari, saa nne asubuhi, chini ya bati. Kazi ya kulifanya lifae hapa ni yetu sisi.

Mimi binafsi nalipenda joho kwa sababu moja. Linafunika nguo ya ndani. Dada mwenye magauni kumi na dada mwenye gauni moja wanasimama mstari mmoja, na hakuna anayejua nani ni nani.

Tuchague kitambaa gani?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo vumilieni nieleze.

Kwa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar na sehemu zote za joto lenye unyevu, nashauri mchanganyiko wa pamba na poliesta ulio mwepesi, usio na bitana. Pamba inanyonya jasho, poliesta inalizuia joho lisikunjamane. Pamba tupu ni tamu mwilini lakini baada ya ibada moja inaonekana kama mtu aliyelala nayo, na kama haijaroweshwa kabla ya kukatwa inaweza kusinyaa sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Joho la urefu wa sentimita 140 likipungua sentimita 6, limekuwa gauni fupi. Poliesta tupu ni nafuu na rangi yake inadumu, ila jasho linabaki ndani. Satini inang'aa vizuri kwenye picha, inanasa kwenye kila kucha na kila msumari wa benchi, na alama ya maji inaonekana mbali. Satini itumieni kwenye kola au kwenye ukanda wa mkono, si joho zima.

Kwaya ya Njombe au Makete ina habari nyingine. Kule Juni na Julai baridi inauma, na wanakwaya huvaa masweta ndani. Gabadini nzito kidogo inafaa, na joho likatwe pana kifuani ili sweta likae bila kubana.

Mkienda dukani, msiridhike na maneno ya muuzaji. Fanyeni majaribio matatu, hayachukui hata dakika tano. Kwanza, fumba kitambaa kwenye ngumi uhesabu hadi kumi, kisha kiachie: makunyanzi yakibaki, yatabaki na Jumapili. Pili, chukua leso nyeupe, iloweshe, isugue juu ya kitambaa; leso ikitoka na rangi, kola za wanakwaya wenu nazo zitapata rangi hiyo. Tatu, omba nyuzi chache za pembeni uzichome nje ya duka. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko unafanya yote mawili. Ukiambiwa "hii ni pamba mia kwa mia" halafu ukaona kidonge, umeshapata jibu.

Mita ngapi zinatosha?

Kitambaa cha upana wa inchi 58 hadi 60, joho la mtu mzima wa kimo cha kawaida lenye mikono mipana linakula kama mita 3.5. Mtu mrefu au mnene sana anafika mita 4. Marinda ya kifuani na mgongoni yanaongeza zaidi. Kwaya ya watu 40 basi ni mita 140 kwa kukadiria, na mimi huongeza sehemu ya kumi juu yake, zinakuwa mita 154. Hizo 14 za ziada si hasara, nitaeleza kwenye swali la rangi.

Kitambaa chembamba cha inchi 44 au 45, kama vitenge vingi, kinahitaji hesabu nyingine kabisa. Usichukue hesabu ya fundi mmoja ukanunua upana mwingine.

Tumeona majoho ya mwenzetu rangi hazilingani ingawa kitambaa ni kile kile. Kwa nini?

Kwa sababu kilitiwa rangi kwa nyakati tofauti. Kiwanda kinatia rangi kwa mafungu, na fungu moja halilingani na jingine kwa asilimia zote, hata namba ya rangi ikiwa ile ile.

Hili nililipia mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilipokea kazi ya majoho ya rangi ya damu ya mzee. Kwaya ilikuwa bado inachanga, nikanunua kitambaa kwa awamu mbili, wiki tatu katikati, duka lile lile. Dukani chini ya taa niliviweka pamoja nikaona ni kimoja. Siku ya kuwekwa wakfu nilikaa nyuma kanisani. Wanakwaya walipotoka nje kupiga picha, jua likawaangukia, nikaona mstari wa mbele una wekundu na mstari wa nyuma una ukahawia. Hakuna aliyenilaumu, lakini nilikuwa nimeona. Nilifumua kola zote, nikaweka kola mpya za krimu ili jicho lishike kola kwanza, kwa fedha yangu.

Tangu hapo nina sharti. Kitambaa cha kwaya nzima kinanunuliwa siku moja, kutoka majora ya fungu moja, na kinatazamwa nje juani kabla ya kulipiwa. Zile mita za ziada zinakunjwa, zinaandikwa jina la kwaya na kuwekwa mahali pakavu. Wanakwaya wapya watatu wa mwakani watashonewa humo. Kama fedha haijatimia, ni heri kungoja mwezi mmoja kuliko kununua nusu.

Tuchague rangi gani?

Angalieni kwanza ukuta ulio nyuma yenu na mwanga wa kanisa lenu. Kwaya iliyovaa krimu mbele ya ukuta wa krimu haionekani. Nyeusi tupu kwenye kanisa lenye mwanga hafifu inameza umbo la mtu, zinabaki nyuso zinaelea.

Rangi za kalenda ya kanisa, yaani zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Krismasi na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste na kijani cha kipindi cha kawaida, zinahusu kwanza mavazi ya kasisi na vitambaa vya altare. Kwaya hailazimiki kuzifuata. Wanaotaka kuzifuata nawashauri washone joho moja la rangi tulivu, kama bluu iliyokolea, kijivu au krimu, halafu wawe na kola za kuvua za rangi mbili au tatu. Kola inakula robo mita tu. Joho la pili linakula mita 3.5 nyingine.

Tunataka vitambaa virefu vinavyoning'inia kutoka shingoni pande zote mbili, kama vya mchungaji. Inawezekana?

Kushona inawezekana, ila kabla sijagusa mkasi nitawaomba mkazungumze na padre au mchungaji wenu. Ile ni stola. Katika Kanisa Katoliki ni vazi la wenye daraja takatifu: padre huivaa shingoni ikishuka mbele, shemasi huipitisha begani kushoto kwa mshazari. Walutheri na Waanglikana nao wanaitazama kama alama ya huduma ya waliobarikiwa kwa kazi hiyo. Baadhi ya makanisa ya Kipentekoste hayana shida nayo.

Mara nyingi mnachotafuta ni ule mstari wa rangi unaoshuka mbele na kumrefusha mtu. Huo tunaupata kwa njia nyingine: kola yenye ncha mbele inayoishia kifuani, au ukanda wa rangi ulioshonewa kwenye joho lenyewe kutoka bega hadi pindo. Unapendeza vile vile na hakuna muumini atakayeuliza maswali.

Kwa nini majoho yetu ya zamani yanapanda juu tukinyanyua mikono?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake lipo hapa hapa pwani.

Fundi aliyeshona majoho yenu alikata mkono na kiwiliwili vikakutana kwapani kwenye kona kali, kisha akashusha kwapa chini sana akidhani ameongeza nafasi. Kumbe ukinyanyua mkono, kwapa lililoshuka linavuta ubavu wote juu. Pindo linapanda hadi katikati ya muundi, shingo inarudi nyuma na kukaba koo, na mwimbaji wa sauti ya kwanza anafika kwenye noti yake ya juu akiwa ameshikwa shingoni na nguo yake mwenyewe.

Washonaji wa kanzu walilimaliza tatizo hili zamani sana. Kanzu ina majina kwa kila kipande: badani ndiyo sehemu kubwa ya mbele na nyuma, taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipanua kuelekea chini, kaba ni kitambaa cha ndani kinachoimarisha shingo, na kikwapa ni kile kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa kwapani. Kikwapa ndicho siri. Kinaupa mkono ruhusa ya kupanda bila kuomba kitambaa kutoka kiunoni. Kwenye majoho ninatia kikwapa cha inchi 4 kwa 4, kimekatwa kwa mshazari ili kivutike kidogo, na kwapa lenyewe nalipandisha juu, karibu na mwili. Ubavuni natia taharizi badala ya kulipanua joho lote kuanzia begani. Hivyo mabega yanakaa sawa, na upana unakuwa kule chini ambako miguu inacheza.

Mama mmoja wa besi, ndiyo, mama, na anaimba besi kuliko wanaume wengi, alijaribu joho la mfano lenye vikwapa akiwa mazoezini kwetu. Alinyanyua mikono yote miwili, akaishusha, akainyanyua tena, akatazama pindo lake kwenye kioo cha dirisha. Halijatikisika. Akaniambia, "Sasa naweza kuimba." Sijasahau.

Joho la mfano lina umuhimu gani? Si linaongeza gharama?

Linaongeza gharama ya joho moja, na joho hilo mtalivaa. Nashona moja, analivaa mwanakwaya mmoja mwenye mwili wa wastani kwa mazoezi mazima, si dakika tano mbele ya kioo. Aimbe, akae, asimame, apige makofi, ashike kitabu cha nyimbo, apande ngazi. Baadaye namuuliza maswali na nageuza kola nione jasho limekaa wapi. Kila kazi niliyoikata yote bila mfano kwa sababu ya haraka, nilirudia kitu fulani.

Vipimo mnachukua vipi?

Kwa inchi, mtu akiwa amevaa viatu atakavyovaa kanisani. Hilo la viatu ni muhimu kwa akina dada. Mwenye kisigino cha inchi 3 aliyepimwa na ndala ataonekana amevaa joho la mdogo wake.

Urefu naupima kutoka pale shingo inapokutana na bega, chini kabisa hadi sakafuni, halafu naondoa inchi 4. Lengo si majoho yote kuwa na urefu mmoja. Lengo ni mapindo yote kuwa kimo kimoja kutoka sakafuni, kwa sababu jicho la muumini linaona ule mstari wa chini kuliko kitu kingine chochote. Siku ya kujaribisha ninakuja na kipande cha ubao kilichosimama wima chenye alama ya inchi 4. Kila mtu anasimama kando yake, natia chaki, anapita. Watu 40 wanaisha kwa saa moja.

Kifua nakipima mtu akiwa amejaza pumzi. Namwambia, "Vuta pumzi kama unajiandaa kwa mstari mrefu," na mbavu zikishafunguka ndipo nasoma futi ya kupimia. Juu ya hapo naongeza inchi 8 hadi 10 za kupumulia. Nyongeza ya kipimo ni mabega, urefu wa mkono na mzingo wa kichwa kama joho halifunguki mbele.

Tuko mkoani. Tunaweza kujipima wenyewe na kutuma kwa WhatsApp?

Mnaweza, na wengi wanafanya. Apime mtu mmoja watu wote, kwa futi moja, siku moja. Futi ya zamani ya plastiki iliyochakaa inavutika, nimewahi kupokea orodha ambayo kila mtu alikuwa mfupi kwa karibu inchi 1. Ilinganisheni na rula ya shule kabla ya kuanza. Andikeni inchi au sentimita, msichanganye, na kando ya kila jina mwandike kimo cha mtu mzima kutoka kisigino hadi utosi. Kimo hicho kinanisaidia kugundua kosa: mtu mwenye futi 5 na inchi 2 hawezi kuwa na joho la inchi 60.

Wale mlioko ughaibuni utaratibu ni huo huo, ongezeni tu siku za mzigo kusafiri.

Saizi za jumla, ndogo, ya kati na kubwa, hazitoshi?

Kwa upana zinatosha. Mimi hukata upana wa aina tano na urefu wa mtu mmoja mmoja.

Shingo ya joho huchanika mapema. Tufanyeje?

Shingo ndiyo inayobeba uzito wote na ndiyo inayopitishwa kichwani. Soma Kutoka sura ya 28, mahali Haruni anaposhonewa joho lake: maagizo yanataka tundu la kichwa lizungushiwe ukingo uliofumwa, ili lisiraruke. Kila nikikisoma kifungu hicho nafurahi kwamba aliyeagiza alijua nguo inachanikia wapi. Kaba ya kanzu inafanya kazi ile ile. Kwangu shingo inapata kaba ya kitambaa kile kile, upana wa inchi 2, na mshono wa kupita mara mbili. Kola ngumu inayogusa koo siiruhusu kwa waimbaji, hata mkiipenda kwenye picha. Vidole viwili lazima vipite kati ya kola na shingo.

Mpiga kinanda, mpiga gitaa na mwalimu anayeongoza washonewe vilevile?

Kwa kutazama, ndiyo. Kwa kukata, hapana. Mpiga kinanda apate mkono mwembamba unaoishia juu ya kifundo, usimkokote kwenye vibonye. Mpiga gitaa asiwe na zipu ya chuma mbele, itakwaruza chombo. Mpiga ngoma apunguziwe upana. Mwalimu atiwe kikwapa kikubwa zaidi, maana mikono yake haishuki, na mgongo wake ushonwe kwa uangalifu: ndio kanisa zima linautazama.

Na akina mama wajawazito, wanaonyonyesha, au mwanakwaya anayetumia kiti cha magurudumu?

Mkilifanya joho lifunguke mbele kwa zipu iliyofichwa, wawili wa kwanza mmewamaliza bila kumtenga mtu. Mjamzito anahitaji pindo la mbele liwe refu inchi 2 hadi 3 kuliko la nyuma, kwa sababu tumbo linalipandisha. Anayetumia kiti cha magurudumu apimwe akiwa amekaa, nyuma lipunguzwe ili lisijikunje chini yake, na mikono isiwe mipana kiasi cha kuingia kwenye magurudumu.

Mikono mipana ya kengele ina ubaya wowote?

Inapendeza sana ikitikisika pamoja. Lakini kumbukeni Mkesha wa Pasaka. Kanisa liko gizani, kila mtu ana mshumaa, na mwanakwaya anashika mshumaa kwa mkono mmoja na karatasi ya nyimbo kwa mwingine. Mkono unaoning'inia inchi 20 unapita juu ya mwali wa jirani bila mwenyewe kujua. Poliesta haiungui tu, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwa kwaya zinazoshika mishumaa sishoni mkono wenye mdomo unaozidi inchi 14 kuuzunguka, na natia kishikizo ndani ili uweze kubanwa usiku huo. Katika hili sina mjadala.

Nembo ya kanisa idarizwe au ichapwe?

Idarizwe, kama fedha ipo. Chapa inapasuka kwa pasi. Nembo iwe ndogo, inchi 3 zinatosha, upande wa kushoto wa kifua. Ombeni ruhusa ya parokia au usharika kwa maandishi, na mnitumie nembo safi, si picha iliyopigwa kwenye bango.

Tunarekodi video. Kuna la kuangalia?

Epukeni mistari myembamba iliyokaribiana na vidoti vidogo, kwenye kamera vinachezacheza. Nyeupe kali inaunguza picha na kufanya nyuso ziwe nyeusi zaidi kuliko zilivyo. Krimu ni salama. Na kama mtarekodi mbele ya pazia la kijani ili mandhari ibadilishwe baadaye, msivae kijani.

Kazi inachukua muda gani?

Fundi mmoja kwangu anamaliza majoho mawili kwa siku, kwa ubora ninaoutaka. Watu 40 kwa mafundi watatu ni siku saba za cherehani, lakini ongeza kununua na kurowesha kitambaa, joho la mfano, kukata, kudarizi, kujaribisha na kurekebisha. Nahesabu wiki tano. Umeme ukisumbua, sita. Majoho ya Krismasi yaagizwe mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu Novemba mafundi wengi wameshikwa na majoho ya mahafali ya vyuo. Kwaya inayokuja Desemba 10 naiambia ukweli: tushone kola mpya sasa, majoho tuyapange kwa Pasaka.

Malipo yakoje, na wanakwaya ambao hawajamaliza mchango?

Fedha ya kitambaa yote kwanza, na mhazini aende na fundi dukani, risiti ibaki kwake. Nusu ya ufundi baada ya joho la mfano kukubaliwa, nusu siku ya kukabidhi. Nasisitiza mhazini aende kwa sababu inalinda pande zote.

Kuhusu wasiomaliza mchango, nawaomba sana msimwache mtu asimame bila joho siku ya kwanza. Kwaya moja ninayoihudumia ilipitisha bahasha kwa waumini, ikawalipia watatu kimya kimya, na majina hayakutajwa popote.

Joho liwe mali ya nani, mwanakwaya au kwaya?

Ya kwaya. Mwanakwaya akiwa mmiliki, akihamia Dodoma anaondoka na joho, na atakayempokea hana la kuvaa wala kitambaa. Kila joho nalitia namba ndani ya kaba kwa uzi, na kwaya inakuwa na daftari: namba, jina, tarehe. Kwa kuwa najua litabadilisha watu, naacha akiba. Pindo linakunjwa inchi 3 kwenda ndani ili liweze kushushwa, na mishono ya ubavuni inabaki na inchi 1 kila upande. Joho lenye akiba hiyo linaweza kumhudumia mtu wa pili na wa tatu kwa kazi ya mchana mmoja.

Majoho ya mtumba je?

Mengi yameshonwa kwa nchi za baridi, mazito na yenye bitana. Mkiyapata yanayolingana idadi, toeni bitana yote, tieni vikwapa, na yajaribiwe kwenye mazoezi kama joho jingine lolote.

Tuyatunze vipi?

Yasikabidhiwe kila mtu ayafue kivyake. Mmoja atatumia jiki, mwingine ataanika juani kutwa, na baada ya miezi sita mna rangi tano. Wekeni zamu ya kufua pamoja, sabuni ya aina moja, maji ya baridi, yaanikwe kivulini yakiwa yamegeuzwa ndani nje. Pasi ipigwe upande wa ndani, na kwenye nembo wekeni kitambaa juu yake.

Baada ya ibada msiyafungie kwenye sanduku yakiwa na jasho; ukungu wa Dar unaanza kwa siku mbili. Yatundikeni kwanza usiku kucha kwenye vitundikio vipana vya mbao, si vya waya, maana waya unaacha alama ya kutu begani. Na vile vipande vya kitambaa vilivyobaki navyo vifueni, mara moja moja, pamoja na majoho. Siku mtakayohitaji kutia kiraka au kumshonea mwanakwaya mpya, navyo viwe vimepauka kiasi kile kile.